Ukuta wa Nguva

Hadithi ya Andersen ya mwaka 1837 yaisha mwana mfalme akimwoa mwingine. Filamu ya The Little Mermaid ya 1989 ikampa nguva harusi. Mwendelezo wake, Return to the Sea (2000), waanzia pale mapenzi ya ujana yalipokoma: je, mtoto wa ndoa hiyo ni wa nchi kavu au wa bahari? Kwa kumhofia mchawi Morgana, Ariel ajenga ukuta mbele ya kasri na kumficha bintiye Melody asili yake. Aliyemwasi baba ili aende bara sasa amkataza mwanawe maji.

Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam ukuta huo si ndoto. Kunduchi, wilayani Kinondoni, kuta za mahoteli na majumba zimeziba baadhi ya njia za kushukia pwani.

Kwa nyimbo na uchoraji, filamu ya kwanza haina mpinzani. Ya pili yaishinda kwa swali lake, kisha yalitupa: Morgana ni Ursula yule yule kwa jina la dadaye, na kosa la mama lamalizwa kwa maneno machache. Hata hivyo Melody, alipotakiwa achague upande mmoja, auyeyusha ukuta wenyewe. Jawabu hilo lilistahili filamu nzima.