Dirisha la Ruhusa: Uhakiki wa Programu za Mafaili katika Mifumo ya Linux

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna programu za mafaili zenye madirisha, hususani Nautilus na Dolphin, zinavyomweleza mtumiaji sababu ya kuzuiwa kufungua, kuhariri au kufuta faili. Yanadai kwamba dirisha la ruhusa huonyesha hali ya faili moja, ilhali chanzo cha kizuizi mara nyingi kimo nje ya faili hilo. Pengo hilo huwasukuma watumiaji kwenye tiba inayomfungulia kila mtu kila kitu. Mapendekezo yanahusu usanifu wa programu, istilahi za Kiswahili na miongozo ya ofisi za umma.

1.0 Utangulizi

Nautilus iliasisiwa na kampuni ya Eazel ya California, iliyojitwika kazi ya kuifanya Linux itumike na mtu asiye mtaalamu. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2001. Kampuni ilifungwa mwaka huohuo, na programu ikaendelezwa na mradi wa GNOME. Chini ya madirisha yake umo utaratibu uliorithiwa kutoka Unix ya miaka ya 1970: kila faili lina mmiliki, kikundi na watu wengine wote, na kila tabaka kati ya hayo matatu hupewa au hunyimwa haki ya kusoma, kuandika na kutekeleza. Swali la makala haya ni iwapo wepesi wa sura umehifadhi maana ya utaratibu huo.

2.0 Kinachoonyeshwa na Kinachositirika

Kwa faili la kawaida, dirisha la Nautilus linaeleweka: hakuna ruhusa, kusoma tu, au kusoma na kuandika. Ugumu huanzia kwenye folda. Humo haki zilezile tatu hubadilika maana. Kusoma ni kuona orodha ya majina. Kuandika ni kuongeza au kuondoa majina katika orodha hiyo. Kutekeleza ni kupita kuelekea kilichomo ndani. Nautilus imelitambua hilo, na kwa folda hutumia maneno ya kuorodhesha, kufikia, na kuunda au kufuta mafaili. Hatua hiyo inastahili sifa.

Hata hivyo, maneno hayo hukaa katika dirisha la folda, wakati mtumiaji aliyezuiwa hufungua dirisha la faili. Haambiwi kwamba uwezo wa kufuta faili hautokani na faili lenyewe bali na folda iliyolibeba. Wala haambiwi kwamba folda zote zilizo njiani, tangu mzizi wa mfumo, sharti zimruhusu kupita. Faili linaweza kuonyesha ruhusa kamili na bado lisifikike kwa sababu folda ya ngazi ya tatu juu yake imefungwa. Amri ya namei yenye swichi ya -l huorodhesha njia nzima pamoja na mmiliki na ruhusa za kila ngazi. Dirisha la ruhusa halifanyi hivyo.

Mfano wa ofisi unadhihirisha tatizo. Watumishi wawili wa kikundi kimoja wanatumia folda ya pamoja iliyopewa ruhusa 2775, ili kila faili jipya lirithi kikundi cha folda. Wa kwanza anaunda ripoti. Kwa kuwa kompyuta yake ina umask ya 022, ripoti inazaliwa na ruhusa 644: kikundi kinaweza kuisoma tu. Wa pili akiifungua hawezi kuhifadhi mabadiliko, lakini kwa kuwa folda inamruhusu kuandika, anaweza kuifuta kabisa. Asiyeruhusiwa kusahihisha neno moja ameruhusiwa kuangamiza waraka mzima. Dawa ni umask ya 002 au orodha ya ruhusa za msingi iliyowekwa kwenye folda kwa amri ya setfacl. Dolphin, katika sehemu yake ya ruhusa za ziada, angalau huonyesha alama ya kurithi kikundi; lakini kuonyesha alama si kueleza matokeo yake.

Hali ya flashi yenye mfumo wa FAT ni ya aina nyingine. Mfumo huo hauhifadhi mmiliki wala ruhusa za Unix. Zinazoonekana zimebuniwa wakati wa kuipachika flashi. Mtumiaji huchagua ruhusa mpya, na chaguo hurejea lilikokuwa. Dirisha limempa kitasa kisichoungana na mlango.

3.0 Tiba Inayozidi Ugonjwa

Aliyekosa maelezo hutafuta njia ya mkato. Njia iliyozoeleka ni chmod -R 777, inayompa kila mwenye akaunti kwenye kompyuta haki ya kusoma na kubadili kila kitu. Amri hiyo haiweki kumbukumbu ya hali ya awali, hivyo hakuna pa kurejea. Ikitumiwa kwenye folda ya nyumbani, huzua hata vizuizi vipya: programu ya ssh hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. Katika zahanati au ofisi ya ardhi yenye kompyuta ya pamoja, gharama yake ni siri za wananchi.

Njia ya pili ni kuifungua programu nzima ya mafaili kwa mamlaka ya msimamizi. Mafaili yanayoundwa humo huwa mali ya msimamizi, na kesho yake mtumiaji hukuta vizuizi vipya. GNOME ina njia iliyo salama zaidi, anwani inayoanza na admin://, ambayo huomba nywila na kutumia mamlaka hayo kwa kazi husika pekee.

4.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kina nafasi ya kurekebisha kasoro hii badala ya kuinakili. Kutumia neno “kutekeleza” kwa faili na kwa folda vilevile ni kuhamisha mkanganyiko wa Unix katika lugha nyingine. Kwa folda, “kupita” hueleza haki yenyewe: mtu anaweza kupita ukumbini bila kupekua vyumba. Vivyo hivyo, “wengine” pekee hakumwonyi msomaji. “Kila mtumiaji wa kompyuta hii” humwonyesha anachokifungua. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu huria zinaweza kuvishwa Kiswahili. Kinachohitajika sasa ni tafsiri inayopima tendo kabla ya neno.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Upungufu wa programu hizi hauko katika wepesi wake, bali katika kuripoti dalili bila kutaja chanzo. Wasanifu waonyeshe ngazi ya njia iliyomzuia mtumiaji. Wanaistilahi, kwa uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, watenganishe istilahi za faili na za folda. Ofisi za umma zipige marufuku 777 na ziweke mfuatano wa uchunguzi: mmiliki wa faili, ruhusa za folda, njia nzima, aina ya diski na namna ilivyopachikwa, kisha uanachama wa kikundi, ambao hauanzi kufanya kazi hadi mtumiaji atoke na kuingia upya. Ni baada ya hapo tu ndipo ruhusa ibadilishwe, na ibadilishwe pale penye kizuizi pekee.