Kushuka Bungu, Kuvuka Mafia: Hesabu ya Maji

Basi likisimama Bungu, kwenye barabara ya Kilwa, beseni hufika dirishani kabla kondakta hajatia mguu chini: korosho zilizobanguliwa, machungwa, nanasi. Abiria wengi hununua, wakaendelea Kibiti, Ikwiriri au Lindi. Anayekwenda Mafia huiacha barabara kuu hapa na kushika njia ya mashariki hadi Nyamisati, takriban kilomita 40, anakopanda MV Kilindoni au boti nyingine.

Wageni wengi hukosea kwa kuanza na ratiba ya basi la kutoka Mbagala Rangi Tatu. Mwenyeji huanza na maji, kisha hurudi nyuma kuhesabu: chombo kitang'oa nanga lini, gari liondoke Bungu lini, yeye atoke nyumbani lini. Nyamisati imo ndani ya delta ya Rufiji, penye mikoko na matope, na maji yakipwa, njia ya vyombo huwa finyu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa saa 4 asubuhi Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yatajaa karibu na saa 10 jioni. Ndiyo maana saa ya kuondoka aliyoitaja rafiki aliyesafiri wiki iliyopita haifai kutegemewa. Mwezi husaidia kukisia: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani hii maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na saa 4 asubuhi huwa yamekupwa. Siku za maji mafu mambo hugeuka.

Kwa hiyo simu ya jana yake kwenda Nyamisati ina thamani kuliko tiketi ya mapema. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, muda wa ziada ni lazima, barabarani na baharini.

Korosho zinunuliwe Bungu, ila zionjwe kwanza: nzuri hukatika kwa mlio, iliyoingia unyevu hutafunika kama mkate. Na mwenye saa mbili za kusubiri akae kwa mama lishe, mbele ya sahani ya wali na samaki, upande yanakopakia magari ya Nyamisati. Kondakta akianza kuita, begi liwe tayari miguuni.