Saa Nane na Masaa Manane: Tahakiki ya Lugha ya Vipimo vya Dawa

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulika na tenzi, riwaya na tamthilia, na hiyo ni haki yao. Makala haya yanakusudia kuhakiki matini fupi kuliko hizo zote, ambayo husomwa hata na watu wasiosoma kitu kingine: yale maneno machache yanayoandikwa juu ya bahasha ya dawa, pamoja na hesabu inayotangulia kuandikwa kwake. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu mkubwa wa istilahi za hesabu ya dawa, kama inavyodhaniwa mara kwa mara. Upungufu uko katika usemi wa muda, na sisi wasomi tumeuzidisha kwa kukipiga marufuku chombo ambacho wasemaji walikwisha kujitengenezea.

Mfano wetu unatoka Silibwet, mji mdogo ulio karibu na Bomet, katika nchi ya chai ya Wakipsigis. Jirani na mji huo ipo Hospitali ya Tenwek, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa World Gospel Mission walioanza hapo mwaka 1937, na ambayo leo ina chuo cha kufundishia wauguzi. Kwa mtafiti wa lugha, mahali hapa pana faida moja kubwa. Nyumbani watu wengi husema Kipsigis. Darasani mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Na kati ya nyumba na darasa kipo Kiswahili, ambacho ndicho kiungo cha Mkipsigis na Mkisii, Mjaluo au Mluhya ambaye yeye au wazazi wake waliletwa na kazi ya chai. Kwa hiyo hesabu ya dawa husafiri. Huzaliwa kwa Kiingereza, hupita katika Kiswahili, na mara nyingine humfikia mgonjwa kwa Kipsigis. Penye safari ndipo penye kumwagika.

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyepanga chumba mjini Silibwet alikubali kunifungulia daftari lake la mazoezi. Nilimwomba jambo moja tu: anieleze kila hesabu kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ni mzazi wa mgonjwa na nimemwuliza anafanya nini. Hesabu ya kwanza ilimtoka bila shida. Mtoto ana uzito wa kilo 12. Anatakiwa apewe parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Akasema: kumi na mbili mara kumi na tano ni mia moja na themanini, kinachotakiwa gawanya kwa kilichopo, halafu zidisha kwa ujazo, basi ni mililita saba nukta tano, yaani kijiko cha dawa kimoja na nusu. Sikuona hapo neno lililopelea. Gawanya, zidisha, ujazo, uzito, nukta, nusu, yote hayo ni mali ya shule za msingi na ya soko.

Wako wanaosema kwamba mwanakijiji ataparaganyika akisikia "nukta". Madai hayo hayakufanyiwa uchunguzi penye chai. Mama anayepeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia hupimiwa kilo na sehemu ya kilo, na pesa yake hutegemea tarakimu iliyo nyuma ya nukta. Kosa la kweli katika nukta ni jingine, nalo ni la wasomi: kusoma 0.25 kuwa "nukta ishirini na tano", ambayo kwa sikio ni kubwa kuliko "nukta tatu", ilhali kwa kipimo ni ndogo. "Sifuri nukta mbili tano" ndiyo kauli ya haki, na sifuri ile ya mbele isimezwe.

Hesabu ya pili ndiyo iliyotukwamisha. Mgonjwa aongezewe maji lita moja kwa muda wa saa nane. Mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Kwa tarakimu jibu ni jepesi: mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000, saa nane ni dakika 480, ukigawanya unapata 41 na ushei, nao huandika 42. Nikamwambia: sasa mwambie mwenzako anayepokea zamu. Akasema, bila kusita, "Chupa hii iishe saa nane."

Tuisome sentensi hiyo kama tunavyousoma mshororo wa shairi. "Iishe saa nane" ina maana mbili zilizo kamili na zilizo sawa kwa nguvu. Ya kwanza ni kwamba chupa ichukue saa nane kumalizika. Ya pili ni kwamba chupa iwe imemalizika ifikapo saa nane mchana. Ikiwa chupa ilitundikwa saa tatu asubuhi, maana ya kwanza itaifikisha saa kumi na moja jioni, kwa matone 42 kwa dakika. Maana ya pili inaacha saa tano tu, na msikilizaji mwenye bidii atapiga hesabu yake bila kosa hata moja na kupata matone 67. Hapo hakuna aliyekosea hisabati. Maji yale yale yataingia mwilini kwa kasi iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na kwa mtoto au kwa mwenye moyo dhaifu hilo si jambo la sarufi tu.

Wodini, ni kweli, kuna karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa saa za tarakimu 24, nayo hurekebisha mengi. (Nayo ina mtego wake: saa mbili ya asubuhi huandikwa 0800, na mwanafunzi mgeni huandika 2 kwa sababu sikio limesikia mbili.) Lakini mgonjwa haendi nyumbani na karatasi hiyo. Huenda na bahasha.

Juu ya bahasha huandikwa alama kama 2x3, na husomwa "mbili mara tatu". Neno "mara" hapa linabeba kazi mbili: ni alama ya kuzidisha na ni hesabu ya matukio. Kwa mwalimu wa hisabati, mbili mara tatu na tatu mara mbili ni kitu kimoja, kwani zote ni sita. Kwa dawa si kitu kimoja kabisa: vidonge viwili asubuhi, mchana na jioni si sawa na vidonge vitatu kwa mikupuo miwili. Jumla ya siku ni ile ile. Kinachotofautiana ni kiasi kinachoingia kwa pamoja. Mtoto wa shule anayemsomea bibi yake bahasha amefundishwa darasani kwamba mpangilio hauna neno, na hapa mpangilio ndio wenye neno.

Kisha kuna "kutwa". Kauli "kutwa mara tatu" imekuwa desturi ya maduka ya dawa, na kwa ufasaha wake inapendeza. Lakini "kutwa" ni neno la jua: linatokana na kuchwa, nalo lina mwenzake, "kucha", ambalo ni neno la usiku hata alfajiri. Anayeambiwa "kutwa mara tatu" ameambiwa, kwa Kiswahili safi, agawe dawa katika mwanga wa mchana. Atameza saa moja asubuhi, saa saba mchana, na saa moja jioni. Na kuanzia hapo mwili wake utakaa saa kumi na mbili bila dawa. Kama ni amoksilini, iliyokusudiwa kugawanywa sawasawa katika siku nzima, mgonjwa huyo atakuwa ametii kila neno na bado atakuwa amepunjwa usiku. Sisemi kauli hiyo ifutwe, maana dawa nyingi haziathiriwi sana na tofauti hiyo. Nasema iandikwe kwa kujua inachosema.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana ni katika dawa ya malaria. Nyanda za chai za Kericho zina historia ndefu ya ugonjwa huu: milipuko ilijulikana katika mashamba tangu miaka ya 1940, na ikarudi kwa nguvu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Mwaka 2004 Kenya iliamua kuacha dawa ya zamani na kuchukua mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, ambao ulianza kutolewa kwa wingi mwaka 2006. Dozi zake ni sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge kimoja kila mara. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza. Zile nne zinazobaki hutolewa asubuhi na jioni katika siku mbili zinazofuata.

Basi mama amepewa dawa saa nne asubuhi, na mtoto amemeza kidonge cha kwanza mbele ya muuguzi. Anaambiwa, "Cha pili umpe baada ya saa nane." Kwa hesabu ya muuguzi hiyo ni saa kumi na mbili jioni. Kwa sikio la mama, na sikio hilo halina ila yoyote, hiyo ni baada ya saa nane mchana, yaani saa nne tu tangu kidonge cha kwanza. Ajabu ya mfano huu ni kwamba kadiri mama anavyokuwa mwangalifu, ndivyo anavyokosea kwa uhakika zaidi: atatazama saa, na ikigonga saa nane atampa.

Wasemaji wenyewe waliiona hatari hii zamani, wala hawakungoja kamati. Sikiliza watu wakizungumza kituo cha mabasi cha Bomet: gari linaondoka "saa nane", lakini safari ilichukua "masaa manane". Wametenga nukta ya wakati na urefu wa muda kwa kiambishi kimoja, na upatanisho umefuata: si "nane" tena, bali "manane". Wanasarufi tunajibu kwamba "saa" ni ya ngeli ya I-ZI, umoja na wingi ni mamoja, na kwa hiyo "masaa" ni kosa. Mimi mwenyewe nimelipiga neno hilo mstari mwekundu katika karatasi za mitihani, tena kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi. Nilirudi kutoka masomo ya shahada ya pili ng'ambo nikiamini kwamba kukuza lugha ni kubuni istilahi. Daftari la Silibwet limenionyesha istilahi zimejaa, na neno lililohitajika mno ndilo nililokuwa nikilikata.

Hoja ya ngeli haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Lugha yetu imekubali "marafiki" bila kulia. Husema "mapesa" ikitaka kueleza kitu ambacho "pesa" haikieleza. Kiambishi ma- kimezoea kazi ya kuongeza maana juu ya nomino za ngeli hiyo. Pingamizi lililo zito zaidi, ambalo sijalisikia likitolewa, lingekuwa "usiku wa manane", ambao wengi huueleza kuwa ni zile saa nane za usiku: hapo "manane" inataja wakati, wala haitaji muda. Nakiri. Lakini ni nahau iliyoganda, nayo haiwezi kuleta utata wodini.

Watasema pia kwamba Kiswahili sanifu kina njia yake, "muda wa saa nane", na kwamba muuguzi afundishwe hiyo. Ni kweli, na katika maandishi ningeipendelea. Mimi mwenyewe nimeitumia humu. Ila tazama kinachotokea mdomoni. Yule mwanafunzi alisoma "kwa muda wa saa nane" katika tafsiri yangu ya swali, na alipofungua kinywa neno "muda" lilikuwa limekwisha dondoka. Katika haraka ya zamu, neno zima huachwa nyuma; kiambishi hakiachwi, kwa kuwa kimeshikamana na nomino. Na ukiweka "kila" mbele, hata sanifu huishiwa pumzi: "kila saa nane" ni ratiba mbili tofauti, lakini "kila masaa manane" ni moja tu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Wanaotunga mitihani ya Kiswahili waache kuhesabu "masaa" kuwa kosa pale linapotaja muda. Wanaofundisha hesabu ya dawa, hata wakiendelea kufundisha kwa Kiingereza, wamtake mwanafunzi amalizie kila zoezi kwa sentensi moja ya kumwambia mgonjwa, nayo isahihishwe kama hesabu inavyosahihishwa. Tena sentensi bora kuliko zote si ya muda hata kidogo: ni ile ambamo muuguzi amekwisha kujumlisha mwenyewe, akataja saa ya kidonge cha pili kwa jina lake. Kumwachia mama mwenye mtoto mwenye homa afanye jumla ya mwisho ni kuacha hesabu katikati.

Nilimrudishia mwanafunzi daftari na zoezi jipya: dawa ya kila masaa manane, mgonjwa ni mchuma chai, aandike bahasha. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni lazima aamshwe usiku, kisha akaandika: "Kimoja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda shambani, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku." Akaitazama ile saa nane ya katikati, akacheka, akaiacha.