Fundi Baruti

Mpunga ukishavunwa Kakese, wapo vijana wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Mpanda. Huko sifa huwa za mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Fundi baruti, anayelipua mwamba, hatajwi.

Kabla ya kutega huupitisha utambi vidoleni, akitafuta ufa kwenye ganda la plastiki. Maji yakipenya, unga wa ndani unaloa na moto unafia njiani. Baruti anaisukuma tunduni kwa mti, kamwe si kwa chuma.

Akishawasha utambi na kupanda juu, anahesabu milio. Ametega tundu tano, zimelia nne: hapo hashuki mtu, hata mwenye duara afoke vipi. Muda ukipita na moshi ukiisha, anatangulia yeye, peke yake, na tochi, kuitafuta ile iliyogoma. Wabeba mawe wataitwa baadaye.