Nne kwa Tisa: Kivuli cha Paa la Kisangani kati ya Penseli na Kompyuta

Ubishi wa penseli na kompyuta katika usanifu wa majengo huendeshwa zaidi kwa hisia. Wazee wa fani husema mchoro wa mkono una uhai. Vijana hujibu kwamba mteja halipii uhai, analipia picha yenye nyasi za kijani na gari limeegeshwa mlangoni. Pande zote mbili hunichosha. Afadhali tuchukue kazi moja ndogo, upenu wa paa, tuichoree jengo la hapa Kisangani kwa njia zote mbili, tuone kila chombo kinafichua nini na kinaficha nini.

Jengo lenyewe ni la kawaida: darasa lenye upana wa mita 8, kuta za matofali ya kuchoma zenye kimo cha mita 2.7, paa la mabati lenye mgongo mmoja katikati na mwinamo wa nyuzi 15 kila upande. Ubavu mrefu mmoja unatazama kaskazini, mwingine kusini. Mji uko nusu uzi tu kaskazini ya ikweta. Mvua inapita milimita 1,700 kwa mwaka na hakuna mwezi unaostahili kuitwa kiangazi. Kwa kuwa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, paa la mita za mraba 100 humwaga zaidi ya lita 170,000 kila mwaka kwenye kingo zake. Upenu ukiwa mfupi, maji hayo yanachimba ardhi kando ya msingi na kurusha tope ukutani. Kwa hiyo upenu una kazi mbili, kuzuia jua na kuyapeleka maji mbali, na swali ni moja: utoke nje kiasi gani?

Tuanze na mkono. Karatasi ya A4 inatosha. Unachora mkato wa jengo kwa kipimo cha 1:50, ukuta unakuwa na milimita 54. Sasa unatafuta siku mbaya kuliko zote kwa ubavu wa kusini. Ni karibu na tarehe 21 Desemba, jua linaposimama juu ya Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kusini ya ikweta. Ongeza ile nusu ya Kisangani: saa sita mchana jua limelala nyuzi 24 kuelekea kusini kutoka utosini. Vipembetatu vya mezani vina nyuzi 30, 45 na 60, havina 24. Kipimapembe kinacho, lakini kuna njia nyepesi zaidi. Mstari wa nyuzi 24 kutoka wima ni ule unaokwenda nje sehemu nne kwa kila sehemu tisa unazoshuka. Nne kwa tisa. Ukuta wa milimita 54 unakudai milimita 24, yaani mita 1.2 kwenye jengo halisi.

Ila paa halitoki nje likiwa bapa, linashuka. Ukiuchora mwinamo wa nyuzi 15 kutoka juu ya ukuta, unakutana na mstari wa jua kabla ya kufika zile milimita 24, kwenye milimita 21 na kidogo. Mita 1.07 zinatosha kuukinga ukuta mzima saa sita. Hesabu hii hukuifanya kwa kalamu, mistari miwili imekufanyia. Hapa ndipo naona thamani ya mkono ilipo, na haina uhusiano wowote na uhai wa mchoro. Huwezi kuuvuta mstari wa jua bila kuamua kwanza jua liko wapi. Karatasi haina jua lake.

Saa sita pekee haitoshi, kwa sababu wanafunzi wako darasani toka asubuhi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri jua liko chini zaidi, na likitazamwa kwenye mkato mstari wake unalala kama nyuzi 32 kutoka wima. Huo si mwinuko wa jua lenyewe angani bali sura yake kwenye karatasi ya mkato, na wanafunzi wengi wa usanifu hukwama hapo. Uwiano wake ni tano kwa nane. Chora tena, kata kwenye mwinamo wa paa: mita 1.45. Ubavu wa kaskazini, ambako jua husimama mwezi Juni, unadai pungufu kwa sentimita chache tu, hivyo penu mbili zinaweza kulingana bila hasara.

Mita 1.45! Mteja ataona unampotezea mabati. Basi pima urefu wa paa kwenye mwinamo: kutoka mgongoni hadi ukingo wa upenu ni mita 5.64. Tuchukue bati la mita 3. Mawili yakilaliana sentimita 20 yanafunika mita 5.80, kwa hiyo unafika na ziada ya sentimita 16. Na ule upenu mfupi wa sentimita 60 unaoonekana kuwa wa bei nafuu? Mwinamo wake ni mita 4.76, nao pia unataka mabati mawili kwa kila mstari, kisha unakata zaidi ya mita moja na kuitupa. Idadi ya mabati ni ileile. Kinachoongezeka ni mbao: kenchi ndefu zaidi na, kwa kuwa upepo wa dhoruba hupenda kulikamata bati linaloning'inia, nguzo za kushikilia ukingo. Ukingo wenyewe uko mita 2.31 kutoka sakafuni, mtu mzima anapita chini yake bila kuinama. Ukishaweka nguzo umepata baraza, na hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuelezwa baraza ni ya nini.

Uwiano una faida nyingine ambayo nyuzi hazina: unafungika kwenye kamba. Fundi asiye na kipimapembe anaweza kuteremsha vipande vinane vya kamba kutoka ukingoni, apime vitano kwenda ukutani, na kuhakiki kazi yake. Wagenia, wavuvi wanaosimamisha magogo kwenye maporomoko ya Boyoma karibu na mji huu na kuning'iniza mitego yao ya samaki humo, hujenga gogo kwa gogo na mwamba kwa mwamba, pasipo karatasi. Sisemi tujenge shule hivyo. Nasema kipimo kinachobebeka hadi kwenye eneo la kazi kina nguvu kuliko kile kinachobaki ofisini.

Twende kwenye kompyuta. Kijana anafungua SketchUp, programu iliyoenea sana kwa sababu kwa miaka mingi ilipatikana bure. Ndani ya dakika chache darasa limesimama, na akibonyeza kitufe cha vivuli, vivuli vinatokea vizuri mno kiasi kwamba hakuna anayevitilia shaka. Lakini vivuli hivyo ni vya wapi? Kampuni iliyoitengeneza programu hiyo, @Last Software, ilikuwa na makao yake Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Google waliinunua mwaka 2006, Trimble wakaichukua mwaka 2012, lakini mchoro ambao mchoraji hajautajia mahali umezoea kuhesabiwa kana kwamba uko huko huko Boulder, nyuzi 40 kaskazini.

Tazama matokeo yake. Boulder, jua la saa sita halijawahi kusimama upande wa kaskazini, hata siku moja. Mchoraji anaona ubavu wa kaskazini wa darasa lake una kivuli saa sita mchana mwaka mzima, anahitimisha kwamba upande huo ni salama, anaweka madirisha makubwa na kukata upenu. Kisangani, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu tarehe 21 Septemba, jua la saa sita liko kaskazini. Nusu ya mwaka watoto watakaa juani. Upande wa kusini nao unadanganya kwa njia yake: jua la Desemba la Boulder liko chini sana, chini ya nyuzi 27 juu ya upeo, hivyo mchoraji anaona upenu hausaidii kitu na anaacha kuushughulikia. Jengo moja, makosa mawili yanayopingana, na picha imetoka safi.

Dawa ipo, na ni rahisi: taja mahali. Programu kubwa kama ArchiCAD na Revit nazo hukuruhusu kuweka latitudo na longitudo, na ukishaziweka hesabu zake za jua ni sahihi kuliko penseli yoyote. Kumbuka saa pia. Saa za Kisangani ziko mbili mbele ya Greenwich, zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, wakati mji uko kwenye 25. Saa sita ya jua inafika kama dakika 20 baada ya saa sita ya ukutani. Kwa upenu haidhuru sana. Kwa anayetaka kulinganisha picha ya kompyuta na kivuli anachokiona uwanjani inadhuru, kwa sababu atadhani programu imekosea.

Kuna udanganyifu mwingine wa kompyuta ambao hausemwi sana: milimita. Programu itakuandikia ukuta wa milimita 2,704 bila kuona haya, huku matofali ya kuchoma ya tanuri za hapa yakitofautiana kwa sentimita nzima. Mstari wa kalamu wa nusu milimita kwenye mchoro wa 1:50 una upana wa milimita 25 kwenye jengo. Ni mnene, ndiyo, lakini unene huo unakaribiana na ukweli wa kazi.

Hadi hapa nimeipendelea penseli, basi nisawazishe, maana kuna mahali ambapo inashindwa vibaya. Sema mteja anabadili upana kutoka mita 8 hadi 7.2. Kwenye kompyuta mkato, ramani, orodha ya mbao na idadi ya mabati vinaweza kubadilika pamoja. Kwenye karatasi ya kalki yenye wino, unachukua wembe na kukwangua. Kalki inavumilia kukwanguliwa mara chache, kisha inatoboka au wino unasambaa. Katika unyevunyevu wa mji huu karatasi yenyewe inavuta maji hewani na kujikunja, na mkono wa mchoraji unatoa jasho juu ya mstari ambao haujakauka. Ndiyo maana wachoraji wa zamani walimaliza maamuzi yote kwa penseli kabla ya kugusa wino. Nidhamu hiyo inasifiwa leo kana kwamba ilikuwa tabia njema. Ilikuwa woga wa wembe.

Wala tusidhani kurudiarudia mchoro uleule ni tabia ya kompyuta. Shirika la ukoloni la Office des Cités Africaines, lililoundwa mwaka 1952, lilijenga mitaa ya nyumba za mfano katika miji kadhaa ya Kongo, Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, ikiwemo, kwa michoro iliyochorwa kwa mkono. Kalki iliwekwa juu ya karatasi yenye dawa, mwanga ukapitishwa, mvuke wa amonia ukaitoa mistari, na nakala zikazaliwa kadiri ilivyotakiwa. Nyumba ileile ingeweza kugeuzwa huku na kule bila jua kuulizwa. Ubaya wa nakala ni wa zamani kuliko programu za kuchorea.

Umbali ni jambo jingine ambalo karatasi haiwezi. Studios Kabako, kundi la mcheza ngoma Faustin Linyekula lililoanzia Kinshasa mwaka 2001 na baadaye kuhamia Kisangani, lilibuni na msanifu Bärbel Müller wa Vienna wazo la vituo vidogo vilivyotawanyika mjini badala ya jumba moja kubwa. Kazi ya ushirikiano wa mbali namna hiyo inadai faili linalosafiri usiku mmoja na kurudi na masahihisho. Lakini faili lolote linalotoka Ulaya kuja hapa lina sharti: mtu aliyesimama katika wilaya ya Lubunga, hapa Kisangani, na utepe wa kupimia lazima awe ameshatuma vipimo vya kweli, pamoja na mahali maji ya mvua yanapopita. Vipimo hivyo mara nyingi huanza kama mchoro wa mkono kwenye daftari, hata kama daftari hilo limepigwa picha kwa simu.

Na simu imeleta tatizo lake. Mchoro wa kompyuta siku hizi unamfikia fundi kwenye skrini. Anaukuza kwa vidole viwili, na papo hapo kipimo cha 1:50 kimekufa, rula haina kazi tena. Mchoro wa kutumwa kwa simu ni lazima uwe na kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu, upenu ukiwemo, hata vile ambavyo mchoraji anaona ni dhahiri. Wachoraji wengi wa programu huacha vipimo kwa sababu wao wanaweza kubofya na kuviona. Fundi habofyi.

Unabaki upande wa magharibi, ambao sijaugusa. Saa kumi jioni, mwezi Machi au Septemba, jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo na linatazama ukuta uso kwa uso. Kwa ukuta wa mita 2.7, upenu bapa ungehitaji karibu mita 4.7. Uchore kwa penseli au kwa programu iliyowekwa mahali pake sahihi, jibu ni hilo hilo: paa haliwezi. Ukuta huo usiwe na dirisha, ghala liwekwe upande ule, na nje, hatua chache kutoka msingini, upandwe mwembe. Kiwanja kikiwa chembamba na kimefuata barabara iliyoelekea vibaya, ubavu mrefu ukajikuta magharibi, hapo ndipo msanifu aende kubishana na mteja juu ya kuligeuza jengo zima, kabla mtu hajanunua bati hata moja.