Kichefuchefu si Hukumu

Zipo senema zinazomtoa mtazamaji nje akiwa ameshika tumbo. Mojawapo ni Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel mwaka 1981, ambamo Mkenya mwenzetu Joseph Olita anamwigiza Amin, aliyeitawala Uganda tangu 1971 hadi 1979.

Tuliitazama Naro Moru, walimu wenzangu nami. Jokofu lilipofunguliwa na vichwa vya watu vikaonekana ndani, mmoja wetu alitoka mbio, akatapika gizani katika baridi ya mlimani.

Je, hiyo ni sifa ya senema? Wengi husema ndiyo. Mimi nina shaka. Asubuhi yake niliwauliza wenzangu: wale waliouawa walikuwa nani? Kila mtu alilikumbuka jokofu. Hapakuwa na aliyemkumbuka marehemu hata mmoja kwa jina. Dhuluma ile ilikuwa ya kweli, na watu waliouawa walikuwa maelfu kwa maelfu. Lakini tulionyeshwa nyama, tusionyeshwe mtu. Tumbo lilipotulia, huruma nayo ikaondoka.

Basi, msomaji, usiipime senema kwa kutapika kwako. Jiulize kesho yake: nimemlilia nani?