Wale wa Mwisho Kwenye Karatasi

Kuna aina ya maandishi inayoamua maisha ya vijana wengi kuliko riwaya zote tulizosoma shuleni, na sijaona mhakiki akiigusa. Ni ripoti ya skauti wa mpira. Haina mchapishaji wala mhariri, na mara nyingi haivuki kurasa mbili. Anaiandika mtu aliyesimama pembeni mwa uwanja na kalamu mkononi, na wanaoandikwa humo hawaioni. Ukiisoma kama fasihi utagundua ina kanuni zake: iwe fupi, ionekane ina uhakika, na mhusika atambulishwe kwa mwili wake kabla ya matendo yake.

Mimi naisoma kwa sababu naichapa. Nina duka la steshenari hapa Shelui, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, na mwenye karatasi ya kuchapwa huja kwangu au kwa jirani ambaye printa yake hutoa herufi za kijivu. Mwezi wa sita skauti wa klabu moja kutoka nje ya mkoa alifanya majaribio ya siku moja kwenye uwanja wa shule. Klabu sitaitaja. Nilifunga duka nikaenda kusimama nyuma ya goli. Jioni akaniletea karatasi zake nimchapie nakala safi: vijana 41, waliopangwa kuanzia anayefaa zaidi hadi asiyefaa.

Wawili wa kwanza wana aya nzima kila mmoja. Mmoja "ni mrefu, ana kasi, anaupiga mwingi". Kuanzia wa tisa sentensi zinaanza kukatika. Ukifika wa ishirini kitenzi kimeshatoweka, yamebaki majina na sifa. Wa 38 ana maneno matatu: "Mfupi. Nidhamu. Akiba." Huyo wa 38 ni mtoto wa dada yangu.

Mtasema huu si uhakiki, ni manung'uniko ya mjomba. Inawezekana. Lakini sidai kwamba skauti alimwonea. Kuhusu mpwa wangu huenda yuko sahihi kabisa. Ninachohoji ni mahali maneno yanapokwisha. Ripoti ile inaeleza kwa kirefu vijana wawili ambao kila mtu uwanjani alikwisha waona, kisha inanyamaza palepale ambapo msomaji anahitaji kusaidiwa kuona.

Nilianza kulinganisha na nchi ambako maandishi haya husomwa hadharani na watu hubishana juu yake. Australia wana mpira wao wenyewe, wa umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, unaopigwa kwa mguu au kwa ngumi. Ligi yao kuu ina klabu 18, na kila mwisho wa mwaka vijana hugawanywa kwa drafti. (Si ile drafti ya vizibo vya soda tunayocheza kijiweni.) Klabu iliyoshika mkia huanza kuchagua, bingwa huchagua mwisho, kisha mzunguko unarudiwa. Kwa hiyo kila kijana ana namba, na namba hiyo humfuata miaka yote. Kilichonivutia ni wapi wino mwingi unamwagika. Mashabiki na waandishi wao huandika kurasa kwa kurasa kuhusu wale wa mizunguko ya mwisho: nani alikulia mbali na mji, nani alichelewa kurefuka, nani aliumia goti akasahaulika. Ubora wa namba moja hauna mbishi, basi hauna cha kuandikiwa. Wa mwisho ndiye anayehitaji wakili.

Mwaka 2013 klabu ya Sydney Swans ilitumia namba 44 kumchagua kijana anayeitwa Aliir Aliir. Alizaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akahamia Australia akiwa mtoto. Mchezo ule hakuzaliwa nao. Alikaa klabuni hadi mwaka 2016 ndipo akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi. Baadaye alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha msimu cha nchi nzima. Ni beki anayesifika kwa kunusa mpira wa adui ungali hewani na kuukata kabla haujafika. Sifa hiyo haipimwi kwa saa ya mkononi. Huionekani kwa siku moja pia, maana siku moja mpira unaweza usiende upande wake.

Sisi Watanzania tuna drafti moja tunayoikumbuka, ile ya kikapu ya NBA ya mwaka 2009. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kati ya 60. Mbele ya James Harden, aliyekuwa wa tatu, na mbele ya Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Thabeet ana urefu wa karibu mita 2.21, na chuoni Connecticut alikuwa mzuiaji wa kutisha. Lakini kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishushwa ligi ya maendeleo, na kufikia mwaka 2014 safari yake NBA ilikuwa imekwisha. Usiku uleule wa drafti, nafasi ya 55 ilikwenda kwa Mwaustralia Patty Mills, mwenye urefu wa kama mita 1.85, kimo ambacho kwenye kikapu ni sawa na kuitwa mfupi. Mills alichukua ubingwa mwaka 2014 akiwa na San Antonio Spurs, na kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 aliifungia Australia pointi 42 katika mechi ya kutafuta medali ya shaba.

Watu hutumia mfano huu kumcheka Thabeet. Mimi nauona kama kosa la kusoma, na wasomaji si yeye. Mwili wake uliandika ripoti kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Nani angebisha na mita 2.21? Namba mbili ikamtaka awe amekamilika siku ile. Namba 55 haimtaki mtu chochote, na pengine hiyo ndiyo faida yake pekee. Mtu anaachwa ajifunze.

Kiswahili chetu cha mpira, ambacho nakipenda kuliko lugha yoyote ya michezo, kina utajiri mkubwa kwa mchezaji aliyekwisha kufanikiwa na umaskini wa kutisha kwa anayeanza. Mtangazaji ana "beki kisiki", ana "winga teleza", ana "mapafu ya mbwa". Ni misamiati ya sherehe, inakuja baada ya bao. Kwa wale wa chini tuna "kiungo punda" na "kiraka". Yatazameni maneno hayo mawili. Punda anasifiwa kwa kubeba, na hakuna anayeuliza anaona nini njiani. Kiraka ni yule awezaye kucheza nafasi tatu, kipaji adimu, lakini jina lenyewe linamwambia kwamba yupo kwa sababu nguo imechanika. Halafu kuna "akiba". Mpwa wangu alipopita dukani, baada ya shikamoo mjomba na marahaba, aliniuliza kitu kimoja tu: nimeandikwa nini? Nikamwambia. Akafikiri kidogo. "Akiba ya nini, mjomba?" Nilitafuta jibu kwenye karatasi, nikakuta skauti hakuliandika.

Inashangaza kuwa haya yanatokea Shelui. Hapa watu wanajua kurudia kutazama. Dhahabu ya Sekenke, jirani yetu, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 kule Tabora mwaka 1916. Mchimbaji mdogo wa leo hupeleka mawe yake karashani yasagwe, akaosha mwaloni kwa zebaki, akachukua chake. Mchanga unaobaki tunauita marudio, na hautupwi. Kuosha kwa zebaki huacha dhahabu nyingi ndani yake, kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao ni kununua marudio na kuyachenjua upya kwa sianidi. Ni wepesi wa kukwambia rundo la nani lina kitu na la nani ni vumbi. Wanachukua sampuli, wanapima, wanarudi wiki nyingine kupima tena. Siwalinganishi vijana na mchanga; nalinganisha uvumilivu wa mnunuzi. Mtu anayepima rundo la mchanga mara tatu anaona dakika 30 zinamtosha kumpima binadamu.

Mkoa wetu haujakosa timu. Singida United ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2, na miaka miwili baadaye ikashuka daraja. Zikaja Singida Big Stars, Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 Ihefu ya Mbeya ikageuka kuwa Singida Black Stars. Majina yamepokezana uwanja uleule wa Liti, na kijana wa Shelui, kilomita 110 kutoka mjini, ni shabiki wa zote kwa zamu. Timu inayobadilisha jina na wenyewe namna hiyo itapata wapi muda wa kumtazama mtu mara ya pili?

Mbwana Samatta mwenyewe, tunayemtaja kila mara kama ushahidi kwamba kipaji hakijifichi, alihitaji macho ya pili. TP Mazembe walikutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011, wakacheza naye nyumbani na ugenini, wakamsajili mwaka huohuo. Hawakumwona kwenye majaribio. Walimwona akiwasumbua mabeki wao. Kisha ikapita takribani miaka mitano ya Lubumbashi kabla ya kwenda Genk, Januari 2016. Tunapenda kusimulia bao lake akiwa na Aston Villa. Ile miaka mitano tunairuka, nayo ndiyo sura ndefu ya kitabu.

Nilipomrudishia skauti nakala yake safi nilimwonyesha pia karatasi nyingine. Nilikuwa nimeandika upya wachezaji watatu wa chini kwa jinsi nilivyowaona mimi, na nikaongeza safu moja ambayo haikuwepo: aonwe tena lini. Alisoma kwa adabu, ni mtu mwungwana. Akaniuliza nauli ya kurudi atailipa nani. Ni swali halali, na nadhani ndilo linaloandika ripoti nyingi kuliko jicho. Hata hivyo akaikunja karatasi yangu akaitia mfukoni. Nazinakili hapa bila majina.

Wa 29, kipa. Alifungwa mabao manne na ripoti imesema hivyo tu. Mawili kati ya hayo beki wake walikuwa wamesimama. Hujipanga vizuri kabla ya krosi, lakini hutoka nusu hatua kwa kuchelewa, hilo hufundishika. Alidaka kwa glavu za ujenzi, kwa hiyo kuhusu mikono yake hakuna anayeweza kusema lolote. Hupiga mpira upande wa kulia tu, na hilo ni tatizo halisi. Aonwe tena akiwa na glavu za kipa.

Wa 33, beki wa kushoto anayetumia mguu wa kulia. Kipindi cha kwanza winga alimpita mara tatu kwa kasi ileile. Kipindi cha pili alirudi nyuma kama hatua mbili, akamlazimisha winga aingie ndani kwenye watu, na hakupitwa tena. Hakuna aliyemwelekeza, kocha wa kikosi chake alikuwa anaongea na simu. Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya mwisho ningempa huyu, mbele ya ndugu yangu wa damu. Mchezaji aliyejirekebisha ndani ya mechi moja amekwisha kutuonyesha atafanya nini ndani ya mwaka. Aonwe tena dhidi ya winga mwingine, mwenye ujanja badala ya kasi.

Wa 38, kiungo. Mfupi, ndiyo. Ana miaka 19, na skauti ameizungushia duara kama kosa la tahajia. Hugeuza shingo mara mbili kabla mpira haujamfikia, ndiyo maana pasi yake ya kwanza huwa imeshaamuliwa. Shuti lake ni dhaifu. Baada ya dakika ya 60 alichoka, na hukwepa kugombania mpira kwa mguu wa kulia, ambao aliuteguka mwaka jana. Huenda asifike popote zaidi ya ligi ya mkoa. Nidhamu aliyoandikiwa siielewi, maana alibishana na mwamuzi mara mbili na mara zote mbili alikuwa na haki. Aonwe tena kabla ya mwezi wa nane. Mchana yupo karashani hadi saa kumi. Kuanzia hapo anapatikana uwanjani.